Unyayo wa Mama

Mama yangu alikuwa na kisukari, na daktari wake alikuwa mkoa mwingine. Tulikutana naye kwenye simu ya video kila baada ya wiki mbili, sebuleni kwetu Bagara, mchana, mtandao ukiwa na nafuu. Mimi niliishia darasa la saba; mengine nilijifunza kwa vitabu vya kuazima. Sukari nilipima, presha nilipima, nikaandika. Daktari aliwahi kuniambia taarifa zangu ni safi kuliko za baadhi ya zahanati. Nilijivunia sentensi hiyo kuliko nilivyopaswa.

Siku ya simu mama alijiandaa kama anayekwenda kanisani. Alioga, akajipaka mafuta, akavaa kitenge kizuri na soksi.

Siku moja, baada ya shikamoo na marahaba, daktari aliomba kuona nyayo zote mbili. Mama aliniuliza kwa lugha ya nyumbani, kwa sauti ya chini:

"Nimwinulie mtu unyayo usoni? Na ndiye anayenitibu?"

Nilicheka, nikamwambia hiyo ni simu tu. Akasema kama ni simu tu, mbona imemwamkia shikamoo. Sikutaka kumlazimisha mzazi mbele ya mgeni. Nikamgeukia daktari.

"Nyayo ziko salama," nilisema.

Sikuwa nimeziangalia. Daktari aliniamini kwa sababu sikuwahi kukosea tarakimu.

Kumbe mwiba ulikuwa umezama kwenye kisigino cha mguu wa kulia. Kisukari kilikuwa kimeshaua hisia za miguu yake, jambo ambalo nilikuwa nimelisoma na kulipigia mstari. Siku ya tisa baada ya simu ile tulisikia harufu ya kidonda. Hospitalini walimkata mguu chini ya goti.

Nilipompigia, daktari wetu hakunilaumu. Aliniuliza tu kama siku ile niliona au nilidhani. Nikasema nilidhani.

"Ningesubiri, kaka," alisema. "Hata saa nzima ningesubiri, mpaka akubali."

Mama aliporudi nyumbani tulipiga simu tena. Aliitikia marahaba, kisha, kabla hajaombwa, akaushika mguu uliobaki kwa mikono miwili na kuuinua mpaka unyayo ukajaa kwenye kioo cha simu. Uso wake aliuelekeza ukutani.

"Aangalie," aliniambia. "Ila mwambie aniwie radhi."