Mke Asiyetokea Kwenye Ukurasa

Mpaka leo nikiona tangazo la kifo mtandaoni nakasirika kabla hata sijasoma jina la marehemu. Nilitengeneza kurasa za matangazo hayo miaka kadhaa, katika ofisi ndogo mjini Kericho juu ya duka la dawa za mifugo, na najua zinavyoweza kumfuta mtu.

Kazi yenyewe ilikuwa rahisi. Tulikuwa na kiolezo kimoja, yaani sura tupu ya ukurasa yenye mapengo. Familia inaleta habari, mimi naziingiza kwenye kompyuta, kiolezo kinazichota na kuzipanga: jina hapa, picha pale, kisha ndoa na watoto. Marehemu akiwa mwanamume, kinatafuta mke. Akiwa mwanamke, kinatafuta mume. Kisipompata kinaruka mstari kimyakimya, na ukurasa unatoka msafi. Bosi alikisifu sana kiolezo chake.

Halafu Kogo akafa.

Kogo ni nyanya kwa Kikipsigis, na ndivyo nilivyomwita, lakini yeye ndiye aliyemwoa mama yangu. Huku kwetu mjane asiye na mtoto anaweza kuoa mwanamke mwenzake ili boma lake lisife. Kogo alitoa ng'ombe, wazee wakaketi, mama akaletwa kwake Silibwet akiwa msichana. Mimi na dada yangu tulizaliwa watoto wa Kogo, na hakuna jirani aliyeuliza swali. Mama alimpikia, akamchumia chai yake, akamwogesha mwaka mzima aliolala kitandani. Kwenye mazishi alitaka kitu kimoja tu: atajwe kama mke wa boma.

Niliingiza habari kwa mikono yangu. Mke: jina la mama. Watoto: sisi wawili. Jamaa wengine: mpwa wake wa Bomet. Nikabonyeza. Ukurasa ukatoka na Kogo akitabasamu katika kitambaa chake cha kanisa, na chini yake yule mpwa peke yake, basi. Ai! Nikarudi kuangalia. Jina la mama lilikuwa palepale nilipoliweka. Kiolezo ndicho kilichokataa kulitoa, kwa sababu marehemu ni mwanamke. Na kwa kuwa watoto walipangwa chini ya ndoa, sisi pia tukapotea naye.

Nikakirekebisha. Mistari michache tu, chai yangu haikuwa hata imepoa. Jina la mama likatokea, na aki nilifurahi. Kabla ya chakula cha mchana bosi alikuwa ameshakirudisha cha zamani.

"Unaharibu website ya watu," akaniambia. "Mwanamke ako na bibi? Tutachekwa."

"Lakini wewe ni mtu wa huku. Hii mambo unaijua."

"Naijua. Lakini mpwa amepiga simu. Anasema iachwe hivyo, wao ni watu wa kanisa."

Mpwa! Mtu ambaye hakuwahi kumletea Kogo hata kikombe cha uji. Nilimpigia, akanikatia simu.

Siku ya mazishi mwongozaji wa shughuli alishika simu yake, akausoma ukurasa ule vile ulivyokuwa. Kisha akaita familia itupe udongo. Mpwa akasimama na watoto wake, suti zimenyooka. Nikamshika mama mkono tuende. Akauvuta.

"Sijaitwa," akasema.

Tukabaki tumeketi. "Sasa majirani," mwongozaji akatangaza. Hapo mama akainuka. Akaenda na akina mama anaopeleka nao majani ya chai kiwandani, akachota udongo, akatupa, akarudi kwenye kiti chake. Hakulia. Alijipangusa mkono kwenye leso, taratibu, kisha akanigeukia.

"Si hiyo kompyuta ndio kazi yako?" akaniuliza. "Sasa mbona hukuniandika?"

Nilimwandika, jamani. Nilimwandika.