Ufunguo Nilioufuta Ngulyati

Nilisafiri siku mbili kutoka Tunduma hadi Bariadi, nimeitwa kutengeneza kompyuta ya mzani wa pamba katika kijiji cha Ngulyati. Miaka yote natangatanga, lakini aibu ile inanichemsha hadi leo.

Nilipokuwa naunda upya kiini cha mfumo, ile programu kuu inayoendesha kompyuta nzima, kazi ilikwama: faili la cheti cha kuthibitisha saini halikuwepo. Dawa yake ni kufuta mstari mmoja unaolidai faili hilo kwenye mipangilio. Mimi, mjuaji, nikatengeneza ufunguo wangu, faili la siri la kusaini programu, nikaiamuru kompyuta ikatae programu ya kuendesha kifaa chochote isiyo na saini yangu, kisha nikaufuta ufunguo usiibiwe.

Asubuhi nikaweka programu ya mzani. Ikakataliwa. Nje mikokoteni ya pamba imepanga foleni, na wingu limetanda. Nikamfokea karani, Mayu Nkwimba: “Nani kakutuma uguse mashine yangu?”

Akaonyesha kioo cha kompyuta. “Baba, soma hapo kwa sauti, wakulima wasikie.”

“Haina saini.”

“Anayesaini nani?”

“Mimi.”

“Basi saini, mvua inakuja!”

“Ufunguo nimeufuta.”

Kicheko cha wakulima kikalipuka. “Fundi kajifungia nje!”

Kuunda kiini upya kwa ufunguo mpya kungechukua kutwa nzima. Mayu akatundika mzani wa zamani usiohitaji kompyuta. Kabla hawajamaliza kupima mkokoteni wa kwanza, nilishaondoka Ngulyati, na sijarudi.