Tulingoja Papa Aseme Ndiyo

Mwanamume ambaye leo ni mume wangu alikuja kwetu mara ya kwanza Jumapili moja baada ya ibada, amevaa koti la kuazima lililomzidi mabega. Alikuja na mjomba wake. Mimi nilikuwa jikoni na mama, nasonga bukari, ugali wa kwetu, bila kuutazama, masikio yangu yote yakiwa sebuleni. Nilikuwa na miaka ishirini na saba, nafundisha darasa la tatu katika shule ya kanisa hapa Likasi, na nilikuwa nimeshamshukuru Mungu mapema, kabla ya kupewa.

Tulijuana kwenye korali. Yeye aliimba besi, mimi niliimba sauti ya kwanza. Kazi yake ni kuchomelea vyuma: milango, madirisha, vitanda. Vidole vyake vilijaa alama ndogo za moto, na kitabu cha nyimbo alikishika kwa ncha tu, kana kwamba anaogopa kukiunguza. Watu wake ni wa kando ya ziwa Tshangalele. Mama yake alikausha samaki na kuwaleta sokoni. Watu wangu walitoka Kasai. Babu yangu aliletwa kufanya kazi ya mgodi. Papa, baba yangu, alizaliwa hapa, akasoma hapa, akawa fundi wa umeme, akafanya kazi miaka mingi kwenye mitambo ya umeme ya Koni, kisha mjini. Hata hivyo ukilitamka jina la ukoo wetu, kila mtu wa hapa anajua babu zetu walishuka kutoka wapi.

Papa alimwacha mjomba amalize maneno yake ya heshima. Kisha akamgeukia kijana na kumuuliza jambo moja tu.

"Miaka ile, papa yako alikuwaka wapi?"

Hakuna aliyehitaji kuelezwa ni miaka ipi. Ni miaka ambayo watu wa Kasai walifukuzwa na wenyeji wa hapa katika nyumba zao, na sisi tulikuwa miongoni mwao. Nilikuwa na miaka sita. Tulilala miezi mingi kwenye kituo cha gari la moshi, chini ya karatasi ya plastiki, tukingoja treni ya kutupeleka kwenye nchi ambayo hata papa hakuwahi kuiona. Mdogo wangu alikufa pale, akiwa hajatimiza mwaka. Kule Kasai nako tuliitwa wageni. Papa hakujua kushika jembe, na baada ya miaka minne tulirudi Likasi, kwa sababu ndipo tulipokuwa tunajua njia.

Yule kijana angeweza kusema uongo. Mjomba wake alikohoa, kama mtu anayemfungulia mlango. Lakini yeye akajibu, "Alikuwaka hapa hapa, papa. Hakufukuzaka muntu. Lakini hakusemaka kitu pia."

Papa akamshukuru kwa kutomdanganya, akamwambia mjomba kwamba chakula kiko tayari, wale washibe, lakini binti hatampa. Walikula. Niliwanawisha mikono mimi mwenyewe, na yeye hakuniangalia.

Hivyo ndivyo kungoja kwetu kulivyoanza. Pasta alituambia kanisa halitatufungisha ndoa bila baraka ya papa, maana papa hakuwa mtu wa nje, alikuwa mzee wa kanisa hilo hilo. Tuombe, alisema, saa ya Mungu haichelewi. Tuliomba. Mwaka wa kwanza niliomba kwa furaha, kama mtu aliyeketi kwenye benchi la stesheni akiwa na tiketi mkononi. Mwaka wa pili niliomba nikimwekea Mungu tarehe: kabla ya Pasaka, kabla ya mvua, kabla rafiki yangu hajajifungua mtoto wa pili. Rafiki alijifungua wa pili, na wa tatu.

Wenzetu wa korali walimtania, wakamwita Yakobo, eti anamtumikia Labani. Alicheka nao. Siku moja, tulipokuwa tunatembea kurudi, aliniambia Yakobo alikuwa na bahati, maana aliambiwa miaka mingapi.

Alinisindikiza kila Jumapili hadi kwenye kona ya avenue yetu, chini ya mijakaranda, na hakuvuka kona ile hata mara moja, kwa sababu hakutaka papa amwone kama mtu wa kunyemelea. Tulisimama pale tukizungumza mambo ya wiki. Hatukushikana mikono. Kanisani alisimama safu ya nyuma yangu, hatua tatu, na nikajifunza kumjua kwa pumzi. Nilijua anavyovuta hewa kabla ya kuanza ubeti. Nilijua kikohozi chake cha kiangazi, cha moshi wa vyuma, nikiwa mbele nimeshika kitabu. Kuna wake wengi hawawajui waume zao hivyo, na mimi nilimjua hivyo bila kuwahi kumpikia hata chai.

Mama yake hakukaa bure. Alimletea msichana kutoka ziwani, mtoto wa jirani, eti aje kumsaidia biashara ya samaki. Msichana alikaa pale miezi mitano, mpole, mwenye mikono ya kazi. Kijana mwenyewe ndiye aliyenisimulia, hakuficha. Nilimwambia ana ruhusa ya kumwoa. Msichana akarudi kwao.

Mwaka wa nne yule mwanamume alinishauri twende komine, tuandikishe ndoa serikalini, mambo ya kanisa yatafuata. Alisema ameomba juu ya jambo hilo na hakusikia katazo. Mimi pia sikuwa nimesikia katazo. Tukachagua siku ya Jumanne.

Asubuhi ile niliamka nikavaa kikwembe cha kitenge ambacho sikuwa nimekivaa bado. Papa alikuwa barazani, kama kila siku, anapaka viatu dawa. Ilikuwa desturi yake tangu tukiwa wadogo: mtu wa nyumba yake hatoki na viatu vyenye vumbi. Vyangu vilikuwa vimeshang'aa, vimewekwa kando ya mlango, kamba zimelegezwa ili mguu uingie vizuri. Aliniuliza kama shuleni kuna sherehe. Nikasema ndiyo. Akanitakia siku njema.

Nilifika mbele ya geti la komine nikiwa nimevaa viatu vile. Mwenzangu alikuwa ameshafika, na mashahidi wawili. Nilitazama chini na sikuweza kuinua mguu.

"Siwezi," nilimwambia.

Aliwaomba mashahidi wasogee kidogo. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Tutangoja basi. Lakini usiseme ni Mungu njo anakataza. Sema ni weye."

"Ni minye," nikasema.

Aliondoka bila kuniaga. Wiki tatu hakuja korali, na nyuma yangu palikuwa na pengo ambalo besi nyingine hazikuliziba. Jumapili ya nne nilisikia ile pumzi. Sikugeuka. Niliimba huku machozi yakiingia kinywani.

Pasaka iliyofuata korali zote zilikwenda Mulungwishi kwa mafungo. Tulilala madarasani, wanawake upande huu na wanaume ule. Niliazimia kufunga siku tatu na kumwomba Mungu ishara moja tu, ndoto, au neno, au hata hapana iliyo wazi. Siku ya tatu nilikwenda peke yangu nyuma ya madarasa, nikapiga magoti kwenye nyasi zenye umande. Nikangoja. Ndege walilia. Wanawake walikuwa wanaosha masufuria na kubishana kuhusu chumvi. Hakuna kilichotokea. Nilisimama magoti yamelowa, nikaenda kuwasaidia kuosha. Watu huniuliza siku hizi ni lini imani yangu ilipata nguvu, nami sina siku ya kuwatajia. Ninachokumbuka ni kwamba jioni ile nilikuwa bado naamini, na sikuona sababu ya kuamini.

Mwaka wa sita nilimkasirikia papa mbele ya mama. Tulikuwa tunachambua sombe, majani ya muhogo. Nilisema papa anaabudu uchungu wake, anaupenda kuliko anavyonipenda mimi. Mama aliendelea kuchambua majani. Halafu akaniambia jambo ambalo sikuwahi kulisikia.

"Mutoto yetu, ule alikufaka ku stesheni, minye njo nilimuzikaka na bamama wengine. Papa yako alikuwa amekwenda kutafuta dawa. Aliporudi, tulikuwa tumemaliza. Alikaa na ile dawa mu mukono. Mpaka leo hajaonaka fasi tulimulaza. Hakuniulizaka, na minye sikumwambiaka."

Nilimwuliza kwa nini hakumwambia. Alisema alingoja aulizwe.

Tangu siku hiyo sikuweza tena kumkasirikia papa kwa moyo wote. Nilielewa kwamba katika nyumba yetu si mimi peke yangu niliyekuwa nangoja. Nilimsimulia yule mwanamume pale kwenye kona. Alisikiliza, akauliza mtoto aliitwa nani. Nikamwambia jina.

Miaka mingine mitatu ilipita. Shuleni, watoto niliowafundisha mwanzoni walikuwa wamekuwa vijana wa sekondari. Mama mmoja wa kanisa alinishika shavu akasema Mungu ananihifadhi kama divai nzuri. Nilitabasamu, nikaenda chooni, nikakaa humo mpaka mahubiri yakaanza.

Kisha mama akaugua. Presha ilipanda ghafla, akalazwa wiki mbili. Papa alikaa kando ya kitanda chake tangu asubuhi mpaka wauguzi walipomwomba atoke. Siku mama aliporuhusiwa kurudi nyumbani, papa aliniita barazani. Alikuwa amezeeka katika wiki zile mbili.

"Ule kijana ya vyuma," alisema. "Angali anachomelea?"

Nilisema ndiyo, papa.

"Mwambie anitengenezee musalaba mudogo."

Hakusema ni wa nini. Nadhani pale hospitali alikuwa ametambua kwamba mahali alipolazwa mtoto palikuwa kichwani mwa mtu mmoja tu, na mtu huyo angeweza kuondoka napo. Nilimpelekea yule mwanamume ujumbe. Alitengeneza msalaba kwa siku nne, akaupaka rangi nyeupe, na katikati alichomelea herufi za jina la mdogo wangu, moja moja, zimenyooka.

Tulikwenda Jumamosi, sisi wanne. Mama alitembea polepole akiniegemea. Tulivuka reli, tukapita nyumba mpya na tanuru za matofali. Mama alikuwa anatafuta kichuguu kikubwa, maana walimlaza mtoto kwenye kivuli chake. Kichuguu tulikikuta, lakini nusu yake ilikuwa imeshachimbwa na wafyatua matofali. Mama alisimama, akageuka huku na huku.

"Ni hapa," alisema. "Ama ni pale. Siyui tena vizuri."

"Hapa inatosha," papa akasema.

Yule mwanamume alichimba shimo, akakoroga saruji. Papa alipiga goti akaushika msalaba usimame wima, mwenzake akamwaga. Saruji ilipokuwa inaanza kushika, papa hakuuachia. Alikaa vile vile, mikono yote miwili kwenye chuma, kidole gumba kikipita juu ya herufi. Jua lilitupata sote. Mume wangu, ambaye hakuwa mume wangu bado, alipiga goti upande wa pili akaushika naye, ingawa msalaba haukuhitaji tena kushikwa.

Papa aliongea akiwa anatazama chini. "Mwambie mujomba yako akuye tena."

"Mujomba alishakufaka, papa. Inaenda mwaka wa tatu."

Papa alifumba macho. Nilimwona anaipokea habari ile, na nikamwona anahesabu.

"Basi kuja na mama yako," alisema.

Tulifunga ndoa kabla ya mvua. Nilikuwa na miaka thelathini na sita. Papa alinishika mkono hadi madhabahuni. Baadaye alizoea kuja kwetu Alhamisi, akala, akazungumza na mkwe wake habari za umeme na vyuma. Samahani hakuiomba. Mara moja tu, nilipokuwa namsindikiza, alisema, "Nilikuchelewesha." Nikajibu, "Ndiyo, papa." Tukaendelea kutembea. Mwaka uliofuata tulimzika.

Wasichana wa korali huniletea maswali yao ya kungoja, kwa sababu kisa chetu kinajulikana. Mmoja alitaka nimhakikishie kwamba miaka ile tisa ilikuwa saa ya Mungu. Nilimwambia sijui. Huenda ilikuwa saa ya papa tu, saa ya mtu aliyeumia, na Mungu alikaa nasi humo mpaka ikaisha. Nilimwambia pia kwamba kama ningeingia geti lile Jumanne ile, Mungu asingeniacha, hilo naliamini; lakini papa asingemwagiza mume wangu msalaba. Msichana alitaka jibu fupi zaidi.

Sasa nina miaka arobaini na hatujapata mtoto. Daktari amesema hakuna kilichofungwa, ila umri umesogea. Mama mkwe, tukienda kwake ziwani, haulizi. Hunipa samaki mkubwa kuliko wa wengine na kunitazama nikimla mpaka mwisho. Watu wa kanisa wameanza tena na maneno yao ya saa. Huwa nawaitikia, amina.

Bado naomba. Naomba asubuhi nikingoja maji yachemke, bila tarehe na bila kupaza sauti, nalitaja tu lile ninalolitaka. Mume wangu anajua, kwa maana akiingia jikoni na kunikuta hivyo husimama mlangoni hadi nimalize, ndipo anauliza kama sukari ingalipo.