Kinyozi wa Maji Baridi

Paa!

Kofi. Nililisikia nikiwa bado nje, kabla sijasukuma mlango wa kinyozi. Likafuata beseni kuanguka, kisha sauti ya mtu: "Mzee, umerogwa?"

Nikaingia mbio.

Fundi magari wa jirani yuko kitini, povu hadi masikioni, kashika shavu. Mbele yake kasimama baba yangu mdogo, wembe mkononi.

"Alifumba macho," akaniambia. "Nimemwita, hakuitika."

"Nilisinzia!" fundi akafoka. "Kusinzia nako ni kosa?"

Kabla hamjacheka, niwaeleze. Baba mdogo alikuwa askari. Si wale wenye picha ukutani. Askari wa kawaida tu, aliyepewa bunduki, na kwa kuwa alijua kunyoa, akapewa na mkoba wa kinyozi wa kikosi.

Vita vilimrudisha na viungo vyote. Usingizi ukabaki huko.

Mkewe alivumilia mayowe yake hadi akachoka, akarudi kwao. Kila kazi aliyoshika ilimponyoka. Kilichobaki ni kiti hiki.

Tena alikuwa na vituko. Mteja wake lazima aongee mwanzo mwisho. Na maji yake ni baridi, hata asubuhi ya kugonganisha meno. Mtaani wakamwita Afande Barafu.

Mama mwenye duka hilo la kinyozi akanigeukia. "Mwanangu, mchukue baba yako. Huyu si wa kwanza kupigwa. Leo kofi, kesho wembe. Asirudi."

Mimi damu huchemka upesi. "Huyu alipigana vita, mama! Wewe umewahi kupigana na nini zaidi ya mashuka ya kunyolea?"

"Mimi nilimpa kazi wakati wewe unatunga mashairi," akajibu bila kupandisha sauti. "Akimkata mtu koo, mashairi yako yatamtoa jela?"

Nikauokota mkoba wake, tukatoka.

Tulirudi chumbani kwake. Akaketi kitandani, anaufuta wembe uliokwisha kukauka zamani.

"Bila kile kiti," akasema, "sina sababu ya kuamka."

"Sasa kwa nini unawapiga, baba?"

Akaugeuza wembe upande wa pili. "Hebu lighani lile shairi la baba yako."

Nikashtuka. Baba yangu, kaka yake, alikufa katika vita hivyo hivyo, mimi nikiwa tumboni. Shairi la kumsifu ndilo la kwanza nililotunga baada ya kujifunza vina mwenyewe, bila mwalimu. Limenipandisha majukwaani. Lakini kila nikilianza, baba mdogo hutoka nje. Nilidhani ni uchungu.

Nikaghani. Nikafika pale simba, yaani baba, anapoanguka na ardhi inampokea.

"Hapo," akasema. "Ishia hapo."

Akauweka wembe chini.

"Wenzetu waliokufa, niliwanyoa kabla hawajazikwa. Hakuna aliyenituma. Nilitaka waondoke wasafi. Nikimaliza, nawawekea kioo changu puani. Kikibaki kikavu, nawafunika. Siku moja wakamleta kaka. Nikasema, huyu ndugu yangu, simnyoi kwa maji baridi. Nikachemsha."

Akainua kiganja mbele ya pua yake.

"Kioo kikaingia ukungu."

Nikaketi sakafuni.

"Nikamwita. Kimya. Kamanda anapiga kelele, adui kafika, tuondoke. Na beseni linafuka mvuke pale pale kichwani pake. Nikafuta kioo nijaribu tena, wakanivuta. Wakamfukia. Mpaka leo sijui, mwanangu. Ulikuwa mvuke, au ilikuwa pumzi? Kofi moja tu. Ningempiga kofi moja, ningejua."

Nilisimama. Ngumi zilijikunja zenyewe, nakiri. Huyu ndiye aliyenilea, akaninunulia daftari la kwanza la mashairi, na muda wote huo alikuwa amelibeba hili peke yake huku mimi namghania simba.

Ngumi zikafunguka. Nikamshika mkono. "Twende dukani."

Mama mwenye duka akatutazama kutoka mlangoni. Nikakaa kitini bila kukaribishwa.

"Mimi ndiye mteja wake," nikasema. "Akininyoa salama, mrudishie kazi."

Akafikiri. "Nasimama hapa hapa na taulo. Akimaliza bila fujo, kiti ni chake."

"Usinyamaze, kijana," fundi akadakia kutoka kwenye benchi. "Kofi lile halina breki!"

Ndugu zangu, mkiona askari wa zamani ana kituko, muulizeni kabla ya kumbandika jina. Na msimpe mtu shairi mkadhani mmempa masikio.

Maji yakanigusa shingo, baridi ya kuuma. Wembe ukaja, ukasita hewani.

Nikamtazama machoni kupitia kioo.

"Nyoa, baba," nikasema, duka zima likisikia. "Leo na kila utakaponinyoa, nitaongea mpaka umalize. Na siku nikinyamaza, nipige kofi."