Kioo na Nyumba ya Dada Yake

Kisiwani kulikuwa na mwashi mmoja, watu walimwita Kioo, kwa sababu ukuta aliopiga lipu yeye, inzi akitua aliteleza mpaka sakafuni akavunjika mguu. Miaka thelathini alishika mwiko na hakuna aliyewahi kumwonyesha ufa. Ukitaka akununie mwaka mzima, papasa kazi yake halafu ugune.

Basi mlima ukaanza kunguruma. Ardhi ilitetemeka mara arobaini kwa siku, kuku wakawa wanataga mayai yaliyokwisha kukorogwa. Ikatangazwa kwamba mlima huenda ukalipuka, watu wote wahame, na meli ya mwisho itaondoka Alhamisi saa sita mchana.

Dada yake Kioo, mjane aliyemlea tangu mama yao afariki, akagoma. Alhamisi asubuhi Kioo alimkuta chumbani anapanga nguo kabatini kama mtu asiye na safari. Alimbembeleza, akamwonyesha moshi dirishani, mwisho akapiga magoti. Wapi! Dada akaupiga ukuta kofi la mapenzi, kama anayesifia ng'ombe wake.

"Nyumba za wenzangu zitaanguka. Hii umenijengea wewe, mdogo wangu. Itanidondokeaje?"

Kioo akautazama ukuta ule. Haukuwa na ufa hata wa unywele.

"Dada, nilikuibia. Saruji ya msingi niliuza nusu. Humo ndani ni mchanga."

Uongo mtupu. Msingi ule aliushindilia saruji hata mchwa walihama mtaa. Lakini aliusema bila kupepesa jicho.

Ardhi ikatikisika tena, vikombe vikagongana jikoni, na kwa mara ya kwanza dada akauondoa mkono wake ukutani. Akafunga nguo zake kwenye khanga.

"Mama alifariki akiniachia wewe," akasema. "Kumbe nimelea mwizi."

Melini dada hakukaa kimya. Alimsimulia jirani, jirani akamsimulia mwenzake, na kabla meli haijang'oa nanga habari zilishamfikia nahodha. Mama mmoja mnene, aliyewahi kujengewa jiko na Kioo, akamgeukia akamuuliza mbele ya watu kama ni kweli.

Kioo alikuwa amepakata furushi la dada yake. Nyuma yao moshi ulikuwa umekwisha kuwa mweusi.

"Ni kweli," akasema, kisha akasogea ili dada yake apate kukaa kivulini.