Tarumbeta ya Shemeji

Kazi yangu ni kuliza watu, na sijivuni nikisema naijua. Nina chumba nyuma ya duka la picha: kompyuta mbili, spika, feni inayokohoa, na kiti chenye mguu uliofungwa waya. Harusi, mahafali, misiba, vyote vinapitia hapo. Mteja akija na picha za marehemu wake akaniambia, "Fundi, fanya kitu cha kugusa," namwambia alete leso kabisa. Wewe punguza mwendo wa picha mpaka nusu, tia fidla chini yake, na hata yule aliyekuwa akidokoa kuku wa majirani anatoka pale na uso wa mtakatifu. Wenzangu wa kazi wananiita Kitunguu.

Basi mimi Kitunguu nina kosa moja ambalo halinipi usingizi mwema, na leo nalisema. Linamhusu dada yangu, marehemu mume wake, na tarumbeta.

Dada yangu ni mshonaji wa sare za shule. Ukimkuta kazini ana tepu shingoni na pini tatu mdomoni, anakujibu kwa nyusi. Sikio lake la kushoto halisikii kitu. Ukikaa upande huo utaongea na ukuta, kwa hiyo popote anapokwenda anatafuta kiti cha mwisho kushoto, ili watu wote wabaki upande wake wa kulia. Familia nzima tulijua habari moja tu: alipokuwa na mimba alipata homa kali, sikio likaziba. Alisema mwenyewe, sasa nani angembishia?

Mumewe tulimwita Waziri. Wizara hakuwa nayo, alikuwa karani wa ghala la vipuri, lakini suti zake, loo! Viatu unajiona meno. Alikuwa mcheshi, mwepesi wa kutoa, na mimi shemeji yake alinipenda kweli. Nilipokuwa kijana sina mbele wala nyuma, yeye ndiye aliyeninunulia kamera ya kwanza. Sisemi hivyo kujitetea. Haya, najitetea kidogo.

Yeye ndiye aliyenipeleka kuona ile filamu ya majambazi. Mkuu wa genge ni mtu mnene mwenye sauti ya upole, ameshaua watu kumi na mmoja, na mmoja wao amecheza naye utotoni. Mwishoni anapigwa risasi ndani ya duka la samani. Anajikokota, anakaa kwenye kochi jipya ambalo bado limefungwa nailoni, na ile nailoni inachakarika chini yake. Hapo tarumbeta inaingia. Moja tu, ya chini, kama mtu anayekuita kutoka chumba cha pili. Fidla zinaifuata taratibu. Jamani! Dakika tano kabla nilikuwa naomba yule mtu afe kifo cha mbwa. Tarumbeta ilipopanda mara ya tatu nilikuwa nalia kwa kwikwi, wale kumi na mmoja nimewasahau wote. Nikageuka, Waziri naye machozi yamefika kwenye tai.

Tulipotoka akaniambia, "Shemeji, siku nikifa, niwekee ule muziki."

"Hafi mtu hapa," nikamjibu, tukacheka.

Akafa. Moyo ulimsimama asubuhi moja ghalani, katikati ya maboksi ya vipuri. Mwaka ulipotimia, dada yake, mwalimu mkuu mstaafu anayeongea kama anatangaza paredi, akaja ofisini kwangu na bahasha ya picha. Alitaka video ya kumbukumbu, ya kuonyeshwa ukumbini mbele ya ukoo na majirani. "Kitu cha heshima," akasema. "Watu wamkumbuke kaka yangu alivyokuwa."

Siku hizo mpwa wangu, mtoto pekee wa dada, alikuwa amerudi kwa mama yake. Ana miaka ishirini na miwili, anauza kwenye duka la dawa, na alikuwa amechumbiwa na fundi simu mmoja, kijana nadhifu. Kijana akampiga kofi kwa sababu alicheka na mteja. Binti akavua pete, akafungasha. Dada alinisimulia akiwa ameketi ukingoni mwa kiti, sauti ya chini. "Nashukuru ameona mapema," akasema. "Kuna neno nataka kumwambia. Shughuli ya baba yake ikipita, nitamkalisha nimwambie." Sikumuuliza neno gani.

Nikaanza kazi. Kwenye mafaili yangu nikakuta picha ya video niliyopiga mwenyewe, sherehe ya mpwa wangu kutimiza miaka kumi. Waziri na dada wanacheza. Mkono mmoja kiunoni, mwingine umemshika shingo kwa nyuma, mdomo wake umeinamia sikio la dada la kulia. Dada anatabasamu, anainua macho, anatazama moja kwa moja kwenye kamera. Sekunde arobaini, kisha kamera inahamia kwenye keki. Nikasema hii ndiyo yenyewe.

Ila ilikuwa na sauti. Siku ile nilikuwa nimembana Waziri kipaza sauti kidogo kwenye kola, kwa ajili ya hotuba yake, na alipomaliza kuhutubia akasahau kukivua. Nikavaa hedifoni, nikaiwasha. Chini ya kelele za watoto nikamsikia Waziri, sauti yake ileile tamu: "Cheka. Watu wanatutazama. Cheka, au nikuzibe na hili la pili."

Nilishtuka. Nikarudisha, nikasikiliza tena, maneno ni yaleyale. Halafu nikafanya ninachofanya kila siku: nikashusha sauti ya picha mpaka sifuri, nikaweka tarumbeta. Nikapunguza mwendo. Sasa ule mkono shingoni ukawa unabembeleza. Midomo ikawa inanong'ona mapenzi. Macho ya dada yakang'aa. Na mimi, niliyekuwa nimesikia kwa masikio yangu dakika mbili nyuma, nikalia mbele ya kompyuta yangu. Nikakata kabla ya keki, nikahifadhi. Nikajiambia marehemu hasemwi vibaya, dada ameshapumzika, na muziki mwenyewe aliuagiza. Mtu akitaka kujitia hamnazo hakosi sababu.

Ukumbini watu waliketi mchana kweupe, mapazia yamefungwa. Tarumbeta ilipoingia nilisikia vifua vinashuka. Seremala wa jirani, ambaye Waziri alimtukana mbele ya wanawe, alikuwa anafuta macho kwa kofia. Mwalimu mkuu alilia kwa sauti. Mama mmoja nyuma yangu akasema, "Yaone macho ya mkewe. Hayo ndiyo mapenzi." Nilimtafuta dada. Alikuwa kiti cha mwisho kushoto, mikono mapajani, macho makavu. Hakugeuka kuniangalia.

Mpwa wangu alinikumbatia mlangoni, uso umelowa. "Mjomba, sikuwahi kumwona baba hivyo. Alikuwa na hasira zake, najua, nimekulia mle ndani. Lakini alimpenda mama jamani, umeona?" Akatoa simu. Aliyempigia alikuwa fundi simu. Nilisimama palepale nikamsikia akisema, "Nimekusamehe. Njoo na wazee wako Jumamosi."

Wallahi nilitamani projekta ile iwe imeungua.

Jumatano dada akaja ofisini, tepu bado ipo shingoni. Hakukaa.

"Mdogo wangu, ile picha ya kucheza ilikuwa na sauti."

"Ilikuwa nayo, dada."

"Ipo?"

"Ipo."

"Nilikuwa na neno la kumwambia mtoto. Jana nimemwambia. Nimemwambia sikio hili halikuzibwa na homa." Alikuwa anaikunja ile tepu kidoleni, anaikunjua. "Akaniambia, mama, kwa nini unamchafua baba sasa hivi hayupo? Mimi nimemwona kwa macho yangu alivyokuwa anakupenda. Ukumbi mzima umeona. Sasa mwongo ni mimi."

Aibu niliyoisikia! Nikaanza kueleza habari za kazi, kwamba mteja alitaka vile, kwamba muziki ni kawaida. Akaniacha nikamaliza.

"Irudishe ile sauti, umsikilizishe."

"Unataka uisikie wewe kwanza?"

"Niisikie ya nini? Nilikuwepo."

Akaondoka. Na unafikiri nilimpigia simu mpwa wangu siku ile? Sikumpigia. Alhamisi nilijipa kazi za watu, nikafuta vumbi la feni, nikafunga upya waya wa kiti. Niliogopa. Nilijua mtoto yule akisikia ataniuliza kitu, na nilijua ni kitu gani. Wageni walikuwa wanakuja Jumamosi, na mimi nafuta feni.

Ijumaa akaja mwenyewe, kang'aa, pete imerudi kidoleni. "Mjomba, nina ombi. Ile tarumbeta ya baba. Nataka niingie nayo ukumbini siku ya harusi."

Nikamtazama hivi, nikaona nikikwepa na hapa basi tena. Nikampa kiti. Nikamwambia, "Kwanza tazama tena ile picha." Nikamwekea kama ilivyoonyeshwa. Tarumbeta ikaingia, na hapohapo macho yake yakajaa, mkono ukaenda kifuani. Mimi pia, na ujue nilikuwa nimekaa na roho mkononi, nilijikuta natafuta leso. Muziki ule hauna haya.

"Sasa vaa hizi," nikasema. Nikamvika hedifoni. Nikazima muziki, nikarudisha mwendo wa kawaida, nikapandisha sauti ya picha mpaka juu.

Picha ya kawaida, bila muziki, ni fupi sana. Mkono ule shingoni haukuwa unabembeleza, ulikuwa umekaba. Vidole vimeingia kwenye nyama. Nilimwona mpwa wangu anaacha kupumua. Akanyoosha kidole nirudishe. Nikarudisha. Mara ya tatu alirudisha mwenyewe.

Akavua hedifoni, akazishika mapajani.

"Mama juzi nilimwita mwongo," akasema.

"Kosa ni langu, si lako. Mimi ndiye niliyeifunika."

Akatazama kioo cha kompyuta, picha imeganda pale dada alipoinua macho. Akaisogelea. "Hapa mama hamwangalii baba."

"Hapana."

"Anaangalia kamera. Nani alikuwa anapiga?"

"Mimi."

Akaziinua zile hedifoni. Ni zilezile, nyeusi, mto mmoja umetoboka, ninazo tangu zamani. "Na hizi ulikuwa umevaa?"

Niliwaambia mwanzo kwamba nilishtuka nilipoyasikia yale maneno ofisini. Hapo niliwadanganya. Mpiga picha mwenye kipaza sauti kwenye kola ya mtu anavaa hedifoni muda wote, ndiyo kazi. Nilimsikia Waziri siku ileile, wakati uleule, na nikamwona dada ananitazama akingoja. Aliyeninunulia kamera ni mtu yule. Kisha kulikuwa na wageni, kulikuwa na watoto. Miaka kumi na miwili nilijiambia labda sikusikia vizuri.

"Nilikuwa nimevaa," nikasema.

"Ukafanya nini?"

"Nikaendelea kupiga."

Alinitazama kama mtu anayejaribu kukumbuka ameniona wapi. "Kumbe mlikuwa wawili," akasema. Hakupaza sauti. Ningefurahi angepaza. Akavua pete akaitia kwenye pochi, akapiga simu palepale mbele yangu. "Waambie wazee kesho wasije. Hapana, sijakasirika. Wasije, na wewe usije." Akakata. Akachukua mkoba wake akatoka, na mlango akaufunga polepole.

Nilifunga ofisi saa hiyohiyo, nikaenda kwa dada. Nilimkuta kwenye cherehani, rundo la mashati meupe miguuni, pini mdomoni. Nikavuta kigoda, nikakaa upande wake wa kulia ili asikie kila kitu.

"Mtoto amesikia," nikasema. "Amewakataa wageni."

Akafumba macho. Mabega yakamshuka. Akatoa pini moja moja mdomoni, akazichomeka kwenye mto wake. "Ahsante," akasema.

Ahsante ile ilinichoma kuliko tusi. "Usinishukuru, dada. Kuna lingine. Siku ile ya sherehe nilikuwa nimevaa hedifoni. Nilisikia. Nilisikia kila kitu, nikanyamaza. Nisamehe."

Akalivuta shati lililofuata, akalinganisha kola yake, akaliweka chini ya sindano.

"Najua," akasema. "Si ndiyo maana ulihamia kwenye keki?"