Kitasa cha Stoo ya Masufuria

Nimechoka kusikia kisa changu kikisimuliwa na wengine hapa Masuguru, kwa hiyo leo nakisema mwenyewe.

Mtaa wetu una stoo ya masufuria na mikeka ya msiba, na mtunza ufunguo ni mimi. Juzi nilikuwa najifundisha ufundi wa kufungua vitasa bila ufunguo. Kitasa cha mazoezi sikuwa nacho, nikakitoa cha stoo mlangoni. Nilitandika taulo mezani, nikatoa pini zote, vile vijichuma vya ndani vinavyokataa ufunguo usio wake, na springi zake bila kupoteza hata moja. Mwanafunzi huanza na pini moja, basi nikarudishia moja tu. Nyingine nne nikazitia mfuko wa shati. Nikachokoa kwa waya, kikafunguka. Kwa furaha nikakipachika mlangoni hivyohivyo, nikaenda kulala.

Asubuhi tukapata msiba. Kina mama wakanisubiri mlangoni pa stoo, nami ufunguo nimeusahau nyumbani.

"Nakwenda kuuleta," nikasema. "Kitasa hiki hakifunguki bila mimi."

Bibi Mwanaidi, mpishi wetu wa misiba, hakutaka kungoja. Akachomeka ufunguo wa choo chake, mlango ukafunguka. Wawili wengine wakajaribu funguo zao, nazo zikafungua. Walicheka chinichini, maana ni msiba.

"Mwanangu," Bibi akaniuliza, "sasa wewe huwa unatunza nini?"

Niliinama nibebe sufuria kubwa, na zile pini nne zikamwagika kutoka mfukoni, zikalia ndani yake moja baada ya nyingine.